Kufuata taratibu hospitalini: maswali yanayoulizwa sana na wafanyakazi, wagonjwa na ndugu zao

Haya ni maswali yanayorudi rudi kila tukikaa na watu wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya huku Tanzania bara. Mengine yanatoka kwa manesi na wafawidhi (wakuu wa vituo), mengine kwa wagonjwa wenyewe. Penye mambo mengi nimeeleza sana, pasipo na jambo nimepita tu.

Hizi taratibu ni zipi hasa, na zinamhusu nani?

Zote zile ambazo zikirukwa kuna mtu anaumia. Kwa mfanyakazi ni kunawa mikono, kutupa sindano panapotakiwa, kuhakiki jina la mgonjwa kabla hujamdunga, kuandika kwenye faili ulichofanya, kutunza siri. Kwa mgonjwa ni kumeza dawa kama alivyoelekezwa, kurudi kliniki tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, kuziba mdomo akikohoa. Ndugu nao wana saa zao za kuja wodini.

Wanaosahaulika ni mlinzi, mtu wa mapokezi na mama wa usafi. Unaitisha mafunzo ya kuzuia maambukizi unawaita madaktari na manesi tu, wakati anayebeba taka za leba kupeleka kwenye kichomea taka ni mama wa usafi ambae pengine hata glavu nzito hajawahi kupewa, na mtu wa kwanza kukoholewa usoni asubuhi ni mlinzi wa getini.

Kunawa mikono kila mtu anajua, mbona mnalisema kila siku?

Kujua wanajua, kufanya ndo kazi. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa) au kufunga kidonda, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vyake vilivyomzunguka. Hii ya tano ndo inarukwa kuliko zote. Mtu anarekebisha neti, anaokota kadi iliyoanguka chini ya kitanda, anasogeza kabati, afu huyo kwa mgonjwa wa pili, kwa sababu kichwani mwake hajamgusa mtu.

Sasa tupige hesabu kidogo. Nesi mmoja zamu ya usiku ana wagonjwa 30. Kunawa kwa maji na sabuni ni sekunde 40 hadi 60, sinki liko mwisho wa wodi, na kuna siku bomba halitoi kabisa. Ukimwambia aende sinkini kila mgonjwa ataitikia sawa bosi na hatofanya, na mimi simlaumu. Sanitaiza ya spiriti ni sekunde 20 hadi 30 na anapaka huku anaelekea kitanda kinachofuata. Kwaiyo chupa iwe pale mikono ilipo: kwenye toroli ya dawa, kwenye kitanda, au mfukoni mwa nesi mwenyewe. Imefungiwa kabatini kwa matroni ati "inaisha haraka"? Kuisha ndo kutumika huko jamani. Mikono ikiwa na damu au uchafu unaoonekana hapo lazima maji na sabuni, na kama bomba ni la kusuasua weka ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi, bora maji yawe yanatiririka.

Na sanitaiza sio lazima inunuliwe. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ni ethanoli inayofika asilimia 80, na ndani yake gliserini kidogo ngozi isipasuke na haidrojeni peroksaidi kidogo. Famasi ya hospitali yenye vipimo na mtu makini inaitengeneza vizuri tu.

Tutajuaje kama watu wananawa kweli?

Njia iliyozoeleka ni mtu kukaa wodini na fomu anahesabu. Nyakati zote ambazo mhudumu alitakiwa kunawa anaziandika, na zile alizonawa kweli anaziandika, ya pili unagawanya kwa ya kwanza unazidisha kwa 100. Ametakiwa mara 40 kanawa 18, hiyo ni asilimia 45.

Shida yake inajulikana, ukisimama na karatasi mkononi wodi nzima inakuwa safi kama nyumba yenye harusi, ukitoka kila mtu anarudi alipokuwa. Ndo maana wengine wanampa kazi hiyo mtu asiyeshtukiwa, mwanafunzi wa fildi kwa mfano, na wanaangalia kitu cha pili kisichodanganya, yani wodi imetumia lita ngapi za sanitaiza na vipande vingapi vya sabuni mwezi huu ukilinganisha na idadi ya wagonjwa waliolazwa. Wodi inayoripoti asilimia 95 na chupa ile ile ya mwezi juzi bado ina nusu, hapo hamna kitu.

Majina msiandike. Andikeni kada na wodi, na matokeo yabandikwe hapo hapo wodini wiki hiyo hiyo. Ripoti ikikaa miezi mitatu kwenye faili la mratibu haimsaidii mtu, hata aliyezembea hakumbuki alikuwa zamu gani.

Nikivaa glavu si inatosha?

Hapana. Glavu zinatoboka kwa matundu usiyoyaona, na wakati wa kuvua mikono inachafuka. Nawa kabla ya kuvaa na baada ya kuvua. Na ile tabia ya kuvaa glavu moja ukazunguka nayo wodi nzima unajilinda wewe tu, wagonjwa unawagawia vijidudu.

Jiki tunachanganyaje? Kila mtu ana kipimo chake.

Soma chupa kwanza. Kama imeandikwa asilimia 3.5, kupata dawa ya asilimia 0.5 ya kufutia damu na kuondolea maambukizi unachukua kipimo kimoja cha Jiki kwa vipimo sita vya maji. Kimoja na sita, sio kimoja na tisa kama wengine walivyokariri kwenye chupa ya nguvu nyingine. Kama mnatumia klorini ya unga ya asilimia 70 ni gramu 7 hivi kwa lita moja ya maji. Ndoo iandikwe saa iliyochanganywa, maana klorini inapungua nguvu hasa ikikaa wazi au juani, changanya mpya kila siku na ikichafuka mwaga hata kama siku haijaisha. Ndoo isiyo na saa ichukulie kama maji tu.

Sindano imenichoma kazini, naogopa kusema. Nifanyeje?

Sema leo. Kwanza osha hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue damu, usimwagie Jiki, usipake spiriti. Ikiwa damu imekurukia jichoni osha kwa maji mengi safi. Kisha ripoti kwa inchaji wa zamu, upimwe VVU hapo hapo ijulikane ulikuwa na hali gani kabla ya ajali, na uanze dawa za kinga mapema iwezekanavyo, saa chache za mwanzo ndo nzuri, mwisho ni saa 72. Zinamezwa siku 28 zote. Wengi wanaacha siku ya kumi kwa kichefuchefu na kwa sababu "mgonjwa mwenyewe alionekana mzima", usiwe mmoja wao. Uliza pia chanjo yako ya homa ya ini B, inayotolewa kwa dozi tatu, kama hukuwahi kumaliza.

Kwa wafawidhi: watu hawaripoti kwa sababu mbili, wanaogopa kuulizwa "ulikuwa unafanya nini mpaka ukachomwa", na wanaogopa wenzao wajue wanameza dawa za VVU. Dawa za kinga zikipatikana saa za kazi tu, tena dirisha lile lile la CTC, yani kliniki ya wenye VVU, ambako wagonjwa wamekaa foleni wanamwangalia nesi wao anapanga mstari, usitegemee mtu. Weka dozi za kuanzia sehemu inayofunguliwa usiku, na mtu mmoja mwenye funguo anayejulikana kwa kufunga mdomo.

Na chanzo cha ajali nyingi ni kurudishia kifuniko cha sindano. Usifunike. Sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, iwe mkono unapofika ukiwa umeshika sindano, na ikijaa robo tatu ifungwe, isishindiliwe.

Mfanyakazi anarudia kosa lile lile. Barua?

Subiri kwanza. Kuna asiyejua, kuna asiyeweza na kuna asiyetaka, na hawa watatu hawatibiwi kwa dawa moja. Asiyejua anaelekezwa, tena kwa vitendo pembeni ya kitanda. Asiyeweza ni yule ambae barakoa zimeisha tangu Jumanne au yuko peke yake na wajawazito watano wanasukuma, huyo tatizo lake liko stoo na kwenye ratiba ya zamu, barua unayotaka kumwandikia ungejiandikia mwenyewe. Asiyetaka ndo wa nidhamu, anaongea naye mkubwa wake faragha, wanakubaliana tarehe, ikishindikana ndo maandishi yanaanza, na kama kosa limemdhuru mgonjwa linaweza kufika kwenye baraza lake la taaluma.

Kwa uzoefu wangu asiyetaka ni wachache kuliko wafawidhi wanavyodhani. Na kumfokea nesi mbele ya wagonjwa ni kosa hata akiwa na kosa, kesho yake hakuna mgonjwa atakaemsikiliza.

Daktari wa upasuaji anasema cheklisti, ile karatasi ya kuhakiki mambo ya upasuaji, inampotezea muda.

Mwambie kwa heshima kwamba cheklisti hiyo ilijaribiwa hapa hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani lilipoifanyia majaribio walichagua hospitali kwenye miji nane duniani, pamoja na London, Toronto na Seattle, na mmojawapo ulikuwa Ifakara. Matokeo yalitoka Januari 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa karatasi yenye vipengele 19.

Inasomwa kwa sauti mara tatu, kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka theta (chumba cha upasuaji). Jina la mgonjwa, anapasuliwa nini, upande gani, ana mzio, antibayotiki imeshaingia, damu ipo, na mwisho gozi (vitambaa vya kufutia damu) zimehesabiwa zimetimia. Ninachokiona sana ni karatasi kutikiwa yote kwa mkupuo wakati mgonjwa yuko wodini ameshaamka, kwa kalamu moja, mwandiko mmoja. Hiyo sio cheklisti. Mpeni nesi wa theta kazi ya kuisoma na wote mkubaliane kwamba asipomaliza kusoma kisu hakipokelewi. Bosi akitaka kubishana abishane na mfawidhi, sio na nesi.

Wasimamizi wanakuja kesho, tufanyeje?

Fanyeni mlichofanya jana. Natania, najua mtadeki usiku kucha na kuchapisha mabango. Ila watu wa halmashauri wakiwa wazoefu hawaangalii bango, wanafungua rejista ya miezi miwili nyuma na wanaenda kuchungulia shimo la kondo la nyuma.

Kama mnataka usafi usiotegemea mgeni, kuna ile S tano, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, iliyoanza kwa msaada wa Wajapani katika hospitali ya rufaa Mbeya mwaka 2007 ikasambaa nchi nzima. Watu huishia S ya tatu. Ya tano ndo ngumu, maana inataka mtu wa kukagua kila wiki hata wiki ambayo haji mtu.

Mlipuko ukitokea tunaongeza nini?

Zaidi ni yale yale yanafanywa bila kukosea. Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, ilipotangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023 mpaka inatangazwa kuisha tarehe 2 Juni, watu 9 waliugua na 6 wakafa, na mmoja wa waliokufa alikuwa mhudumu wa afya. Mgonjwa wa namna hiyo haji na kibao shingoni, anakuja na homa kama ya malaria. Kwaiyo getini kuwe na mtu wa kuuliza homa, kutapika, kutoka damu, umetoka wapi, umezika nani karibuni, na kuwe na chumba pembeni ambacho kiko wazi, hakijageuzwa stoo ya vitanda vibovu.

Mgonjwa anasema anameza dawa lakini vipimo vinakataa. Anadanganya?

Pengine. Ila angalia na swali uliloliuliza. Ukimuuliza "unakunywa dawa vizuri?" jibu ni moja tu, ndio dokta, nani atakwambia hapana na foleni inamsikiliza? Uliza hivi: "Mama, watu wengi dozi huwa zinawapita. Wiki hii zako zimepita ngapi?" Hapo umempa ruhusa ya kusema kweli. Afu mwambie aje na kopo lake mhesabu vidonge pamoja.

Sababu zenyewe ukizisikia unaona nyingi zina akili. Wa TB ana dozi ya miezi sita, miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayobaki dawa mbili, na wiki chache tu kikohozi kimekata na uzito umerudi, sasa kwa nini aendelee? Mwingine siku ya pili kakojoa mkojo rangi ya machungwa akadhani figo zimekufa, kumbe ni rifampisini na hakuna aliyemwambia. Hilo ni kosa la dirisha la dawa, sio la mgonjwa. Wa VVU anaishi kwa shemeji na hana pa kuficha kopo. Wa presha kapimwa kakuta imeshuka akaacha, hajui imeshuka kwa sababu ya dawa. Mwingine nauli tu.

Kila sababu ina dawa yake. Nauli, mpe dawa za miezi mitatu au sita kama hali yake imetulia na mwongozo unaruhusu. Kopo, msaidie namna ya kuhifadhi nje ya kopo lenye kelele. Mwenye TB achague mwenyewe msimamizi wa matibabu anayemwamini, mke, jirani, yeyote. Ule utaratibu wa kumeza dawa huku mtu anakuona ulikomaa hapa Tanzania, kwenye mpango wa taifa ulioanza 1977 na daktari Karel Styblo, na baadae dunia nzima ikauchukua, lakini wengi wa leo hawahitaji kuja kituoni kila asubuhi, msimamizi wa nyumbani anatosha.

Aliyepotea kliniki akirudi tumuadhibu kidogo ili ajifunze?

Eti akae mwisho wa foleni? Atajifunza kutorudi. Mpokee, mshukuru kwa kurudi, uliza kilichomkwamisha, rudisheni dawa siku hiyo hiyo inapowezekana.

Na kumfuatilia kuwe na adabu. Siku ya kwanza kabisa anapoandikishwa muulize: tukikukosa tukupigie? akipokea mwingine tusemeje? tukija nyumbani ni sawa? Andika majibu kwenye faili. Kumtuma mhudumu wa jamii na pikipiki yenye nembo ya mradi wa Ukimwi mpaka mlangoni ni kumtangaza mtaa mzima, na hapo mmempoteza kweli.

Mgonjwa anakataa matibabu au anataka kuondoka. Tumzuie?

Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa. Wajibu wenu ni kumweleza kwa lugha anayoielewa nini kinaweza kutokea, kumsikiliza anaogopa nini (mara nyingi ni bili), kisha anasaini fomu ya kuondoka kinyume na ushauri, mnaandika, na mnampa dawa za kuendelea na tarehe ya kurudi. Fomu sio kisasi. Mtoto, au mtu asiyejitambua, ni habari nyingine, hapo mfawidhi na ustawi wa jamii waitwe mapema.

Ndugu wanajaa wodini, hata mlinzi wamemshinda.

Angalieni kwanza wanaingia kufanya nini. Mara nyingi ndugu ndo anayelisha, anayeogesha na anayekimbilia famasi, yani anaziba pengo la wafanyakazi. Ukimfukuza moja kwa moja mgonjwa halishwi. Kinachofanya kazi ni kadi moja kwa kila kitanda, mwenye kadi anaingia muda wowote na wengine wasubiri saa za kuona wagonjwa. Huyo mwenye kadi mfundisheni kunawa na asikae kitandani. Na saa mlizoandika getini ziwe hizo hizo kwa mwenye gari na mwenye kandambili, kwa sababu siku mlinzi akimpitisha mheshimiwa saa nne usiku, kibao chenu kimekufa.

Kupiga picha ya mgonjwa na kutuma kwenye grupu la WhatsApp la kazi ni kosa?

Bila ridhaa yake, ndio, hata grupu likiwa la madaktari tupu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ya VVU ya 2008 inalinda siri za majibu. Siri inavuja pia kwa mdomo: "wa CTC wapite huku" kwa sauti kwenye korido umeshatangaza watu kumi kwa mkupuo. Waite kwa namba.

Hatuna bajeti. Tuanze na nini?

Kitu kimoja, wodi moja, mwezi mmoja. Chagueni kile kinachowauma, mfano sefti boksi zinazofurika leba. Hesabuni leo ziko ngapi zimepita robo tatu, mpeni mtu mmoja kwa jina kazi ya kuzifunga kila mwisho wa zamu, hesabuni tena kila Ijumaa na mseme namba kwenye ripoti ya asubuhi. Kikishatulia ndo mnachukua cha pili. Mpango wenye malengo 24 kwa mwaka nimeuona kwenye vituo vingi, unakuwa umebandikwa nyuma ya mlango.

Mimi ni mgonjwa. Naruhusiwa kumuuliza nesi kama amenawa?

Unaruhusiwa kabisa. Sema tu, "Sista samahani, mikono umeshapaka dawa?" Akikasirika muache akasirike, ila asikuguse kabla hajapaka.